Kalibu Isiyo na Sura

Jua lilikuwa linazama fundi aliporudi karakana na shiti nne za plastiki kichwani. Mgongo ulimuuma, miguu ilimwaka moto. Tangu juzi alikuwa akitengeneza kofia za vita za mchezo wa jukwaani, kumi na mbili, zote kwa kalibu moja ya plasta ambayo mteja aliileta mwenyewe. Ilikuwa laini kama yai, haina sura. Nane zilikuwa tayari.

"Pumzika basi, mdogo wangu," alisema dada yake, aliyekuwa akishona makoti ya mchezo huohuo pale pembeni.

"Nikikaa sitainuka tena, dada. Acha nimalize."

Akabana shiti kwenye fremu, akaiingiza chini ya hita. Kazi hii aliijua nje ndani. Plastiki ikipata joto hujikunja kwanza, kisha hukaza kama ngozi ya ngoma, kisha katikati hulegea na kuning'inia. Hapo ndipo pa kuishusha. Ukiwahi, haishiki umbo. Ukichelewa, inakuwa nyembamba na kuchanika.

Ikaning'inia. Akaishusha juu ya kalibu, akawasha pampu ya kufyonza hewa.

Fyuuu...

Plastiki ikanata. Lakini mbele, pale palipopaswa kuwa laini, palikuwa na kinundu.

Alidhani ameipasha kupita kiasi. Macho yenyewe yalikuwa mazito kwa usingizi. Akairudisha kwenye joto, maana plastiki hukumbuka ilikotoka: ukiipasha tena, hujinyoosha ikawa bapa kama ilivyonunuliwa. Ikajinyoosha kweli. Kinundu kikabaki.

Ilikuwa pua.

Akapapasa kalibu. Laini vilevile. Ila ilikuwa baridi, na plastiki ya moto ndiyo kwanza imetoka juu yake.

Akavuta ya kumi. Safari hii yalitoka macho mawili yaliyofumbwa, na unyusi wenye kovu.

"Dada... njoo uone."

Dada alikuja na sindano mkononi. Akapitisha kidole juu ya lile kovu, taratibu. Kaka yao alilipata utotoni, alipoanguka ukutani. Miaka sita ilikuwa imepita tangu aondoke na begi moja kwenda kutafuta kazi, na minne tangu simu zake zikatike.

"Ni yeye," alinong'ona dada. "Toa nyingine."

"Dada, mimi naogopa."

"Toa nyingine. Nataka kumwona."

Akaweka ya kumi na moja. Ikakaza, ikalegea. Kisha, kabla hajaishusha, katikati yake ikainuka yenyewe. Ikashuka. Ikainuka tena. Harufu ya plastiki ilijaa chumba, na chini ya harufu hiyo ilikuwepo nyingine, ya jasho la mtu.

Mikono yake ilifanya ilichozoea. Ikashusha fremu, ikawasha pampu.

Fyuuu...

Macho yalikuwa wazi. Mdomo umeachama, na plastiki ilikuwa inavutwa ndani yake, ndani zaidi, mpaka mashavu yakabonyea.

"Dada," alisema fundi. "Tunamnyima hewa."

Akang'oa waya wa pampu ukutani. Akaibandua plastiki kwa mikono mitupu, ikamchoma.

Pampu ilinyamaza. Lakini mle chumbani mtu alivuta pumzi, ndefu, kama aliyeibuka kutoka majini.

Haikufuata nyingine.

Dada aliinama, akaweka sikio juu ya plasta.

"Yupo?" aliuliza fundi.

"Sijui."

Simu ya fundi ikaita. Alikuwa mteja.

"Umeacha kwa nini?"

Fundi akatazama mlango. Umefungwa. Dirishani hapakuwa na mtu.

"Nani kakwambia nimeacha?"

"Bado moja," alisema yule mtu, kwa upole, akakata.

Usiku ule walipiga namba ya zamani ya kaka yao mpaka chaji ikaisha. Haikupatikana. Mteja hakuja kuchukua kofia zake, wala hakupiga tena. Wameshafikiria kuivunja ile kalibu, mara nyingi, na kila mara mmoja wao humshika mwenzake mkono.

Iko chumbani kwa dada, juu ya meza. Hawaifuniki na kitu chochote. Wanalala kwa zamu, na dirisha hawalifungi, hata mvua ikinyesha.