Kurasa Zilizokuwa Chini ya Viatu

Saa kumi na mbili asubuhi, nje bado giza la Januari, mjukuu wangu Genoveva alikuwa akinywa chai amesimama, mkono mmoja kikombe, mwingine ukivuta zipu ya buti la theluji. Tuliishi ghorofa ya kumi na nne huko Flemingdon Park, Kanada, yeye, baba yake Erick, na mimi bibi yake. Erick alifanya kazi ya zamu kwenye ghala la Downsview. Akirudi, sisi ndio tunaamka. Genoveva alikuwa mwaka wa kwanza wa uhandisi chuo kikuu. Alipanda basi la Don Mills, kisha treni ya chini ya ardhi, na begi lake lilikuwa zito kama la mpagazi.

Mwaka ule wa 2011 alitaka jambo moja tu: kuingia katika mpango wa wanafunzi mahiri. Nafasi zilikuwa kumi na mbili. Anayechaguliwa hufanya kazi karakanani pamoja na maprofesa tangu mwaka wa pili. Waombaji waliambiwa wajenge daraja dogo la vijiti vya aiskrimu, waandike kila hatua kwenye daftari, kisha waje kuhojiwa.

Alilijenga juu ya meza yetu ya jikoni. Tulilining'inizia ndoo, tukatia humo pakiti za sukari na mchele, moja moja. Daraja la kwanza lilivunjika kwa kilo nne. La pili, kilo sita. La tatu liliachia kwenye maungio ya mwisho, kwa sababu alilianika dirishani na gundi haikukauka kwa ile baridi. La nne lilimwaga sukari hadi chini ya jokofu, nikafagia siku mbili. La tano, alilolifunga uzi mara mbili kwenye yale maungio, lilibeba kilo kumi na nane.

Yote hayo aliyaandika. Basi lile daftari lilikuwa na matone ya chai, mistari iliyokatwa, na kurasa mbili zilizogandana kwa gundi.

"Utampelekea profesa kitu hiki?" nikamuuliza.

Alinijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba walikatazwa kurarua kurasa.

"Hawakukataza kuandika upya," nikasema. "Sisi kule misheni, mwalimu alikagua madaftari kila Ijumaa. Penye futafuta palikuwa na fimbo."

Aliniangalia kidogo. Nadhani naye alikuwa amechoka kuyaona yale madaraja manne yaliyovunjika. Alinunua daftari jipya, akaandika siku mbili kwa mwandiko mzuri ajabu. Humo mlikuwa na daraja moja tu, lililojengwa mara moja na kusimama. Nami nikamsifu. Daftari la zamani akaniachia nilitupe, lakini mimi karatasi situpi. Nilizichomoa kurasa nikazitandika mlangoni chini ya viatu, zinyonye theluji inayoyeyuka.

Siku ya mahojiano alirudi mapema. Aliketi kwenye kochi bila kuvua koti.

"Bibi," akasema, na safari hii kwa Kiswahili, "nimesema uongo."

Wahoji walikuwa watatu. Mmoja alikuwa Daktari Zebunissa, mama aliyekulia Dodoma kabla familia yao haijahamia Kanada. Alimuuliza kwa nini maungio ya mwisho yamefungwa uzi mara mbili. Genoveva alilijua jibu, maana daraja la tatu ndilo lililomfundisha. Ila daraja la tatu halikuwemo daftarini.

"Nikamwambia nilifikiria hivyo tangu mwanzo. Akaniuliza, halikuvunjika hata mara moja? Nikasema, hata mara moja. Akalifunga daftari."

Nilikwenda mlangoni nikaviinua viatu. Kurasa zilikuwa kumi na moja, zimelowa, zina madoa meupe ya chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Nilizianika juu ya chuma cha joto kinachopasha nyumba, na kesho yake tukaenda chuoni pamoja.

"Shikamoo mama," alisema Daktari Zebunissa, akaniwekea kiti.

"Marahaba. Mwanangu, kosa ni langu. Mimi ndiye niliyemwambia aandike daftari upya."

"Kosa lako ni la mwandiko tu, mama. Lile jibu la uongo alilitoa yeye."

"Ni kweli," Genoveva akasema, macho chini. "Nilijua ninadanganya."

Daktari alizigeuza zile kurasa polepole, akasimama kwenye daraja la tatu. "Huu ndio ukurasa niliokuwa nautafuta," akasema. Kisha akavua miwani. "Majina yamepelekwa leo asubuhi. Lako halimo, na siwezi kulirudisha."

Nje theluji ilikuwa inaanguka.

"Sikiliza, binti. Daftari safi linaonyesha mkono mzuri. Daftari la kazi linaonyesha daraja lilivunjika wapi, ili mwenzako asije akavuka hapo akaanguka. Mhandisi anayeficha kosa lake anawaachia wengine walivumbue kwa miili yao. Kila mwaka tunapokea wawili kutoka mwaka wa pili. Omba tena. Ulete kurasa hizi hizi, na chumvi yake."

Tulirudi kwa basi. Genoveva aliegemea kioo, na machozi yakamtoka hadi tulipofika kituo chetu. Nyumbani alizishona kurasa kwa uzi, akaongeza moja mwishoni. Aliandika tarehe, kisha: *Leo nimekiri kwamba niliulizwa kama daraja liliwahi kuvunjika nikadanganya.* Neno moja alilikosea, akalikata kwa mstari. Nililiona, nikanyamaza.

Mwaka huo ulikuwa mrefu kwake. Wenzake waliingia karakanani, yeye akapita nje ya mlango wao. Januari iliyofuata alihojiwa tena, na ukurasa ule wa mwisho ndio waliousoma kwanza. Alichaguliwa.

Wajukuu zangu mnaosoma, nami nilijifunza uzeeni: kosa lililoandikwa hufundisha, lililofichwa husubiri. Siku hizi chini ya viatu natandika matangazo ya dukani.